Jinsi ya kutoka kwenye udalali wa plagini na kurudi kwenye muziki

Wadau, kuna kundi kubwa la maprodyuza na wapiga vyombo ambao ukiwauliza mwaka huu wametoa ngoma ngapi wanapata kigugumizi, ila ukiwauliza kompresa fulani (programu ya kubana sauti) imeshuka bei lini na mtumba wake unaendaje sokoni wanakujibu hapohapo. Wananunua laiseni ya plagini, yaani programu ndogo ya sauti inayofanya kazi ndani ya programu ya kurekodi, kwenye ofa, wanaifungua jioni moja, wanapitia priseti (sauti zilizopangwa tayari), kesho kutwa wameshaitangaza inauzwa, hela ikirudi inaenda kwenye nyingine. Na inafanana sana na kazi manake uko mbele ya kompyuta ileile, unaongelea sauti, unasikiliza demo, kuna vitu unajifunza kabisa, lakini wiki inaisha hakuna hata biti moja iliyokamilika. Haya maelezo ni ya namna ya kutoka huko, na naandika hasa kwa ajili ya mtu mwenye kipaji, kwasababu hao ndo wanaoniuma zaidi, mtu ana sikio, ana melodi kichwani, halafu muda wake wote unaishia sokoni.

Tuanze na hela kwasababu hapo ndo kuna uongo mkubwa. Wengi wanajiambia "nikiichoka si nitauza, sipotezi kitu". Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme umenunua plagini kwa dola 100 ikiwa kwenye punguzo. Mtumba lazima uuze chini ya bei ya ofa, mnunuzi naye sio mjinga anajua ofa itarudi, kwahiyo tuseme umepata 60. Kampuni nyingine zinatoza ada ya kuhamisha laiseni kwenda kwa mtu mwingine, tuseme 25, na mnunuzi anakubana uilipe wewe. Njia ya malipo nayo inakata chake, hata kama ni dola mbili. Mkononi umebaki na 33. Yaani umelipa dola 67 kukaa na plagini wiki chache, na hapo bado hujahesabu jioni ulizokaa unajibu meseji za watu wanaouliza "bei ya mwisho ngapi". Zungusha hiyo mara kumi ni 670. Kwa kulinganisha tu, laiseni ya Reaper ya mtu binafsi ni dola 60, na hiyo ni DAW nzima, yaani programu kubwa ya kurekodi na kumiksi, na wanakupa siku 60 za kujaribu kabla hujalipa.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa vitu vyako mwenyewe, fungua barua pepe zako tafuta risiti zote za mwaka mmoja, upande mmoja andika uliyolipa, upande wa pili uliyorudisha baada ya makato yote. Usikadirie, kadirio siku zote linakupendelea. Ukishaiona ile tofauti hutahitaji mtu wa kukushawishi.

Na bei za mtumba haziendi juu, elewa hilo. Plagini sio gitaa la zamani. Kampuni inaweza kuamka asubuhi ikauza mpya kwa bei ya chini kuliko mtumba wako, au ikaigawa bure kama zawadi kwa kila anayenunua kitu kingine, soko likajaa laiseni za bei ya kutupwa. Halafu kuna uzee. Apple walipotoa macOS Catalina mwaka 2019 programu zote za biti 32 ziligoma kufunguka, na plagini ambazo watengenezaji wake walikuwa hawazihudumii tena zikafia hapo. Mwaka uliofuata wakaanza kuhamia kwenye chipu zao wenyewe, M1, ikabidi watengenezaji waandike upya ili zikimbie vizuri bila Rosetta, mkalimani wa Apple wa programu za chipu za zamani. Kampuni ya Steinberg, ambao ndo waliileta VST, mfumo wa kuunganisha plagini na DAW, mwaka 1996, waliacha kutoa laiseni mpya za VST2 kwa watengenezaji mwaka 2018, na DAW yao, Cubase 12 ya 2022, ikaachana na kile kijiti cha USB cha eLicenser kilichobeba laiseni. Hata masharti ya kuuza yanaweza kubadilika ghafla, Machi 2023 kampuni ya plagini ya Waves walitangaza kwamba plagini zao sasa ni kwa kulipia kila mwezi tu, hakuna tena laiseni ya kudumu, watu wakachachamaa na ndani ya siku chache wakairudisha. Walirudisha, sawa, ila ule mshtuko ulionyesha kitu unachokiita mali yako kinategemea uamuzi wa watu wengine kiasi gani. Kwahiyo anayenunua akidhani anaweka akiba, akiba hiyo haipo.

Sasa kazi yenyewe. Ya kwanza ni kujua unatumia nini kweli, sio unachokipenda, unachokitumia. Fungua projekti zako kumi za mwisho ambazo angalau zilifika nusu, moja moja, uorodheshe plagini zilizomo. Watu wengi wenye mamia ya plagini wakifanya hivi wanajikuta wanazungukia zilezile chache, EQ moja (ya kupandisha na kushusha frikwensi), kompresa mbili, riveb moja (ya mwangwi), dilei (ya kurudiarudia sauti), sinti moja au mbili (ala za kuunda sauti), sampula (ya kucheza sampo, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa). Hiyo orodha ndo studio yako.

Zilizobaki usizifute leo. Zihamishe. Kwenye Windows faili za VST3 zinakaa ndani ya Program Files, folda ya Common Files, humo kuna folda inaitwa VST3. Kwenye Mac ziko Library, Audio, Plug-Ins, humo kuna VST3 na kuna Components ambayo ni ya AU, aina ya plagini za Apple. Tengeneza folda nyingine pembeni, iite "likizo", hamishia humo kila ambacho hakipo kwenye orodha, halafu iambie DAW iskani upya. Menyu yako itafupika mpaka ushangae, na hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, manake kila ukitaka kompresa halafu mbele yako kuna majina 40, unaacha kusikiliza ngoma unaanza kusoma majina. Kaa hivyo miezi miwili. Projekti ya zamani ikifunguka ikalia kwamba plagini fulani haipo, irudishe hiyo moja. Isiyoitwa na projekti yoyote kwa muda wote huo ni ya kuuza, au kama haiuziki basi ni ya kusahau.

Hapa kuna wale watakaosema "lakini hii EQ ina sauti yake". Inawezekana, na usibishane, pima. Hii ndo sehemu ninayotaka uikazie kuliko zote kwasababu ukishajua kupima, nguvu ya matangazo juu yako inapungua sana.

Weka sauti ileile kwenye traki mbili. Traki ya kwanza weka EQ iliyokuja na DAW yako, ya pili weka ile ya kununua. Zote mbili pandisha kwa mfano desibeli 3 kwenye kiloherzi 1, upana uleule. Halafu kwenye traki moja bonyeza kitufe chenye alama ya Ø, kile cha kugeuza mawimbi chini juu, cheza zote kwa pamoja. Zikiwa zinafanya kazi ileile zitafutana, utasikia kimya au kelele kidogo sana huko chini. Tahadhari moja, kila kampuni inahesabu ule upana wa Q kwa namna yake, kwahiyo namba zikifanana haimaanishi umbo limefanana, zungusha Q ya upande mmoja taratibu mpaka mabaki yawe madogo kabisa ndo uhukumu. Kwa EQ za kawaida za kidijitali utakuta mara nyingi zinafutana karibu kabisa, labda tofauti kidogo kwenye frikwensi za juu kabisa kule karibu na kiloherzi 20. Zisizofutana ni zile zinazoongeza uchafu wa makusudi wa kianalogi, na kompresa, na chorasi na vitu vingine vyenye kuyumbayumba, hivyo kwa kipimo hiki usivihukumu, kitakudanganya.

Kwa hivyo vingine tumia kipimo cha pili, cha kusikiliza ukiwa hujui kipi ni kipi. Ila kwanza sawazisha ukubwa wa sauti. Sikio la binadamu likisikia kitu kilichopanda hata kidogo tu linasema hiki ndo kizuri zaidi, kina mwili, kina uhai, na plagini nyingi ukizifungua tu zinapandisha sauti. Weka mita ya LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika, Youlean wana ya bure, shusha mpaka zote mbili zisome sawa. Kisha baunsi (toa kama faili za sauti) matoleo mawili, mwambie mtu mwingine ayape majina ya namba, wewe sikiliza ndani ya ngoma nzima sio kwa kusolo traki hiyo peke yake, chagua. Rudia mara kadhaa siku tofauti. Ukiwa unapatia ileile kila mara na unaweza kusema kwanini, hiyo plagini ina sababu ya kubaki. Ukiwa unabahatisha, unajua la kufanya.

Kuuza sasa. Kabla hujatangaza chochote, fungua kila projekti iliyotumia hiyo plagini, ubaunsi zile traki ziwe sauti tupu, WAV ya biti 24, zote zianzie mwanzo kabisa wa ngoma hata kama ala yenyewe inaingia katikati, ili siku ukiziweka kwenye DAW yoyote zipangike zenyewe. Baunsi mara mbili, moja ikiwa na efekti na moja bila. Hii watu wanairuka halafu laiseni ikishaenda projekti inafunguka na pengo, sinti iliyobeba ngoma nzima haipo. Ni tabia nzuri hata kama huuzi kitu, kwasababu plagini zinakufa, WAV haifi.

Baada ya hapo soma masharti ya kampuni husika kwenye tovuti yao wenyewe, sio alivyosema jamaa. Unatafuta majibu haya: inaruhusu kuhamisha au hairuhusu, ada ni kiasi gani, laiseni moja inaruhusiwa kuhama mara ngapi, na kuna muda wa kusubiri tangu ulivyonunua au hakuna. Kuna laiseni ambazo kwa kawaida haziuziki, za wanafunzi, zilizotolewa bure, zilizoandikwa NFR (sio za kuuzwa tena), nyingi ya zile zilizokuja na kifaa kama kibodi au saundikadi, na maktaba nyingi sana za sampo. Bando nalo mara nyingi linauzwa zima, huwezi kuchomoa plagini moja. Na kama uliapgredi kutoka toleo la zamani, lile la zamani limeshamezwa na jipya, usije ukamuuzia mtu. Ya kulipia kila mwezi bila shaka haina cha kuuza.

Watu wanapenda kuuliza kama sheria inawalinda. Inategemea uko wapi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 3 Julai 2012, kesi ya UsedSoft na Oracle, kwamba ukishauziwa laiseni ya programu ya muda usio na kikomo mtengenezaji hawezi kukuzuia kuiuza tena, hata kama uliidaunilodi, mradi nakala yako wewe isitumike tena. Marekani upepo ni mwingine, mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa kwenye kesi ya Vernor na Autodesk ilisema kampuni ikiandika vizuri kwamba hii ni laiseni tu na ikaweka vizuizi vya kuihamisha, basi wewe sio mmiliki wa nakala, na huwezi kuuza kama unavyouza kitabu. Ila kwa vitendo popote ulipo kampuni ndo inayoshika seva, isipohamisha akaunti mnunuzi wako hana kitu, kwahiyo usipokee hela ya mtu kabla hujapata uhakika kutoka kwao.

Uhamisho wa halali unapita kwa kampuni yenyewe au mfumo wa kutunza laiseni kama iLok, laiseni inatoka kwenye akaunti yako inaonekana kwenye akaunti ya mnunuzi. Sio kumtumia mtu namba ya laiseni kwenye meseji. Sio kumuuzia akaunti nzima na neno la siri lake, hapana, muuzaji anaweza kuirudisha kesho kwa barua pepe yake ya zamani na kampuni nyingi hazitakusikiliza. Picha ya skrini sio ushahidi wa kitu chochote. Mnunuzi alipe kwa njia yenye ulinzi wa mnunuzi na muuzaji atunze kila barua ya uthibitisho wa uhamisho, manake mtu anaweza kudai baadaye hakupata. Na bei ikiwa ya ajabu sana tena kutoka kwa muuzaji mwenye mzigo mkubwa, kaa mbali, laiseni zilizonunuliwa kwa kadi za wizi zinakuja kuzimwa na wewe ndo unaumia.

Hela ikiingia, itoe kwenye mzunguko siku hiyohiyo. Ihamishe sehemu ambayo sio ile akaunti unayonunulia plagini. Ikibaki pale itanunua plagini nyingine, nakuhakikishia. Ukitaka irudi kwenye muziki, mlipe mpiga besi aje apige kwenye ngoma yako, lipa mwalimu wa kinanda masomo machache, nunua vifaa vya kupunguza mwangwi chumbani. Chumba kikitulia utasikia makosa ya miksi ambayo ulikuwa unajaribu kuyatibu kwa kununua kompresa.

Kuhusu kununua huko mbele sisemi usinunue kabisa, vifaa ni vya kazi na kuna vifaa vizuri kweli. Ila weka utaratibu. Andika tatizo kwanza, kwa maneno, likiwa limetokea kwenye ngoma unayofanya sasahivi, mfano "sauti ya kuimba ina s zinazochoma masikio kwenye kiitikio". Halafu jaribu kulitatua kwa vitu vya DAW yako. Halafu jaribu cha bure, na siku hizi vya bure vina nguvu ya kutisha: Vital na Surge XT kwa sinti, Dexed kama unataka zile sauti za Yamaha DX7 ya mwaka 1983, TDR Nova ni EQ inayojibana yenyewe na hizo s inazishughulikia fresh tu, Valhalla Supermassive kwa riveb na dilei kubwakubwa. Vyote vikishindwa daunilodi toleo la majaribio la hiyo ya kulipia, ulitumie kwenye ngoma hiyohiyo mpaka muda wake uishe. Tatizo likitatulika na ngoma ikaisha, nunua, umeshajua unanunua nini. Ile saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye ukurasa wa ofa isikukimbize, ofa za plagini zinajirudia mwaka mzima na Novemba ikifika kwenye Black Friday karibu kila mtu anashusha bei. Jiondoe kwenye barua pepe zao za matangazo, na kama unafuata sehemu zinazotangaza punguzo kila siku ziache, hiyo peke yake inakata nusu ya hamu.

Nusu nyingine inakatwa na kazi. Hamu ya kununua inakuja saa fulani maalum, chunguza utaona, inakuja ukiwa na luupu ya baa nane nzuri na hujui ngoma iende wapi. Kupanga ngoma ni kugumu, kuandika ubeti wa pili ni kugumu, na dukani hakuna ugumu. Kwahiyo jifunze kupita hapo bila kutoka. Inyooshe hiyo luupu mpaka dakika tatu kwa kukopi, traki zote zikiwa ndani, halafu anza kufuta. Mwanzo futa karibu kila kitu acha kitu kimoja, ubeti wa kwanza ondoa midundo mizito, kabla ya kiitikio nyamazisha besi baa moja, ubeti wa pili badilisha kitu kimoja tu ambacho wa kwanza haukuwa nacho. Kufuta ni rahisi kuliko kubuni kutoka kwenye utupu na ndani ya saa moja una umbo la wimbo, baya labda, ila umbo.

Chagua sinti moja uikae nayo mpaka ngoma kadhaa ziishe. Ifungue ikiwa tupu bila priseti, osileta moja (inayotoa sauti), filta moja (inayoichuja), envelopu (inayoamua inavyopanda na kushuka), LFO (inayoiyumbisha), utengeneze besi, pedi, lidi, na kitu cha kugonga, kwa mikono yako. Ukishaelewa hizo sehemu nne za sinti umeelewa sehemu kubwa ya sinti zote sokoni, manake kwa chini ni kitu kilekile kimevalishwa skrini tofauti, na ukiona demo ya sinti mpya utaanza kusikia kwamba "aa, hii naweza kuitengeneza hapa nilipo".

Na jipangie kumaliza kabla ya kupendeza. Miksi ngoma kwa zile plagini za orodha yako tu, weka siku ya mwisho, mtajie mtu ambaye atakuuliza kweli. Siku ikifika toa WAV yake, mtumie aisikilize mwanzo mpaka mwisho, andika pembeni vitu vitatu ambavyo ungefanya tofauti, halafu usivirekebishe kwenye ngoma hiyo, vifanyie kazi kwenye inayofuata. Fungua projekti mpya jioni hiyohiyo hata kama ni kuweka tempo na kick tu.